Historia ya Kisambwe kwa Marika Yote

Kaeni vizuri niwaambie, na mkishasikia msiniulize nchi yenyewe ni ipi, maana hata wenyeji wake hawana hakika. Imebadilishwa jina mara nne na wimbo wa taifa mara sita, na mara ya mwisho walipobadilisha bendera fundi alikosea rangi, ikabidi wabadilishe maelezo ya rangi. Ni nchi njema tu, mimi sina ugomvi nayo. Ina Kiongozi mmoja, ambaye ndiye wa kwanza na, kwa jinsi afya yake inavyozidi kunawiri, huenda ndiye wa mwisho. Ina wizara arobaini na moja. Na ina mwanahistoria mmoja, Dokta Perusi Malugu, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Perusi alikuwa mwanamke wa karibu miaka hamsini, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika kitabu kimoja. Kilipotoka kilikuwa na kurasa mia tisa na nne, tanbihi elfu moja mia saba, na jina refu lililoanzia jalada la mbele likamalizikia la nyuma. Zilichapwa nakala mia mbili. Zilinunuliwa kumi na moja. Zilizobaki Chuo Kikuu kilizigawa maofisini, zikawa zinazuia milango isibamizwe na upepo, na kusema haki milango ya chuo kile haijapata kutulia namna ile.

Sasa, ndani ya kitabu hicho mlikuwa na ukurasa wa mia sita na kumi na moja, na huo ndio uliomkondesha. Ulieleza habari za Kisambwe, mashamba ya chumvi ya serikali, ambako miaka arobaini na tatu iliyopita wachota chumvi mia mbili na kumi na wawili walitembea kwenda kwa Mkuu wa Wilaya kuomba gambuti. Gambuti tu, jamani! Chumvi ilikuwa imewachimba nyayo mpaka zinatoka maji. Askari wakawapiga risasi wote, malori yakawazoa, katapila likafukia, na Jumatatu iliyofuata nafasi za kazi zikatangazwa redioni. Serikali ikasema hakuna kilichotokea. Perusi aliyatafuta majina yote, moja baada ya jingine, kwenye daftari za mahudhurio, kwa madereva wa yale malori, kwa wajane, akayapanga yote kwenye ukurasa huo. La tisini na sita lilisomeka hivi: Yonazi Malugu, mchota chumvi, miaka thelathini na mmoja. Huyo alikuwa baba yake.

Mama yake, Bibi Ludia, hakupata kuuona mwili. Alikuja mtu mlangoni akamwambia, akaenda zake, basi. Miaka yote hiyo akawa mjane asiye na kaburi, nusu analia nusu anasikiliza hatua za watu barabarani, mpaka siku Perusi alipomkalisha mkekani akamwambia, "Mama, nimethibitisha. Nimezungumza na dereva aliyemchukua. Baba alikufa." Bibi Ludia akalia siku tatu. Akaweka matanga, akanyoa nywele, akapika akalisha mtaa mzima. Kisha akasema, "Sasa nataka kitu kimoja. Serikali ilitaje jina lake. Mara moja tu, kwa mdomo wao wenyewe. Nikisikia hivyo, na mimi nife zangu."

Perusi akaahidi. Alikuwa msomi lakini hilo halikumzuia kuahidi, na mengine yote mtakayoyasikia yametoka hapo.

* * *

Mwaka mmoja baadaye alikuja mgeni mkubwa kutoka ng'ambo, akakaribishwa Ikulu chakula cha mchana. Katikati ya pilau akasema amepata kukisoma kitabu cha historia ya nchi hii na kwamba ni kitabu kizito sana. Kiongozi, ambaye hakujua kama nchi ina historia nyingine zaidi ya yeye, alifurahi mpaka akaacha kutafuna.

"Kizito kiasi gani?" akamuuliza msaidizi wake.

Msaidizi akatoka mbio, akarudi. "Kilo mbili na nusu, Mtukufu."

Jioni hiyo hiyo redio ikatangaza: kila raia wa nchi hii, mdogo kwa mkubwa, ataijua historia hii, kila mmoja kwa kadiri ya umri wake. Watu wakashangilia. Wakati huo, kuanzia Ikulu mpaka ofisi ya kata, hakuna kiongozi hata mmoja aliyekuwa amekifungua. Walipokuja kukifungua, wiki tatu baadaye, mawaziri wawili walilazwa. Lakini tangazo lilishatoka, na Kiongozi hajapata kukosea tangu azaliwe, hiyo imo kwenye katiba. Ikabidi itafutwe njia ya kutii amri bila kuruhusu kitabu, na ndipo ilipoanzishwa wizara ya arobaini na mbili, Wizara ya Umri na Uelewa.

Waziri mpya alihutubia uwanjani. "Ndugu wananchi," alisema, "ukweli ni haki ya kila raia! Serikali yenu sikivu haimnyimi mtu ukweli. Lakini ukweli ni dawa, na dawa ina dozi. Je, mama, utampa mtoto mchanga vidonge vya babu yake?"

"Hatutampa!" uwanja ukaitika.

"Basi tumeelewana," akasema Waziri, akashuka jukwaani kwa shangwe, na sheria ikapita siku hiyo hiyo. Raia wakagawanywa makundi manne. La Kwanza watoto, la Pili vijana, la Tatu watu wazima mpaka miaka hamsini na tisa, la Nne wazee. Kila kundi litapewa toleo lake. Kumweleza mtu toleo la kundi lisilo lake likawa kosa, linaitwa kuzidishia umri, kifungo miaka saba.

Dokta Perusi akaitwa akiandike upya kitabu chake mara nne. Na mimi najua mnachotaka kusema, mnataka kusema angekataa. Ni rahisi kukataa ukiwa umekaa hapo. Yeye aliwaza hivi: matoleo manne, na katika manne hayakosi moja litakaloyabeba majina. Hata likiwa moja. Akapiga moyo konde, akaenda.

* * *

Ofisini alipokewa na Bwana Sospeter Kilimba, Afisa Mkuu wa Upunguzaji. Mtu mpole, mwenye sauti ya chini, hakuwahi kumgombeza mtu, na chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Ungemkuta msibani ungemshukuru Mungu kwa kukuletea mtu kama yule.

"Dokta, usiwe na wasiwasi," alisema akimsogezea maandazi. "Watu wanatusema vibaya. Sisi hapa hatufuti. Tunapunguza."

Wakaanza na Kundi la Kwanza. Bwana Kilimba akauliza kama kweli mtoto wa miaka mitano anapaswa kulala na habari ya risasi kichwani. Perusi mwenyewe alikuwa na wajukuu wa dada yake, akaona si haki. Baada ya wiki mbili ukurasa wa mia sita na kumi na moja ulikuwa na picha ya rangi, na chini yake maneno haya: Wajomba wa chumvi walikwenda kumwona Babu Mkuu wa Wilaya. Wakatembea, wakatembea, wakachoka. Wakalala fofofo. Pichani wajomba walikuwa wamefunikwa shuka hadi shingoni, wote wanatabasamu, na mmoja amelalia ubavu.

Perusi aliitazama ile picha, kila mjomba na shuka lake. Lakini akajiambia: watakua hawa. Wakikua watasoma la Kundi la Pili.

Kundi la Pili, Bwana Kilimba akasema, tatizo lao si uelewa, ni damu. Damu ya kijana inachemka upesi. Kukiwa na mtu aliyeonewa kwenye ukurasa, kijana ataingia barabarani. Sasa tufanyeje habari iwepo na damu itulie? Wakakaa siku tisa. Siku ya kumi Bwana Kilimba akaja na meno nje, amepata. Akamsomea: "Wachota chumvi mia mbili na kumi na wawili walikwenda kuomba gambuti. Kila mchota chumvi ana miguu miwili. Zilihitajika gambuti ngapi? Onyesha njia."

"Hii ni hesabu," akasema Perusi.

"Ni somo mtambuka, Dokta."

"Na jibu je? Walipewa?"

"Jibu ni mia nne ishirini na nne," akasema Bwana Kilimba, mnyofu kabisa. "Maswali ya ziada yanaweza kumchanganya mtahiniwa."

Perusi akauma meno. Akajiambia, wakifika miaka kumi na minane watapata la Kundi la Tatu. Lakini la Kundi la Tatu lilipofika alielezwa kwamba mtu mzima ana kazi, ana watoto, ana foleni za kupanga, na Wizara imefanya utafiti ikagundua kuwa mtu mzima husoma maneno kumi tu akiwa amesimama. Toleo lake likawa karatasi moja, ibandikwe kazini pale watu wanaposaini asubuhi. Sehemu ya Kisambwe ilisema: Kisambwe ilijitokeza changamoto ya viatu. Ilishughulikiwa.

Hapo Perusi aliinuka. "Bwana Kilimba, majina yangu yako wapi? Nimewapa watoto, nimewapa vijana, nimewapa na watu wazima. Nimebakiwa na nini?"

"Umebakiwa na wazee," akasema Bwana Kilimba, naye akainuka, akamshika bega kama ndugu. "Dokta, wazee walikuwepo. Hao tutawaficha nini? Kundi la Nne litapata majina. Nakuahidi."

Siku ile Perusi alirudi nyumbani akapika samaki wa nazi. Mama yake akamuuliza kuna sikukuu gani. "Jina la baba litasomwa, mama," akasema. "Litasomwa kwenu ninyi wazee, kwa kipaza sauti." Bibi Ludia akaacha kula. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na khanga mpya akaitundika nje ipigwe upepo, tayari kwa siku hiyo.

* * *

Sasa Wizara ile ilikuwa na utaratibu wake, ambao mimi sijausikia popote pengine duniani. Toleo la wazee halikuandikwa na mhariri. Liliandikwa kwa kipimo cha presha. Wizara iliajiri mzee mmoja wa mfano, seremala mstaafu aitwaye Mzee Ngwisa, akawekwa kwenye kiti cha kuegemea, daktari wa Wizara akamfunga mkono kile kitambaa cha kupulizia, na kila sentensi ikasomwa mbele yake. Presha ikipanda, sentensi inarudi kwa mwandishi. Ikishuka, sentensi inagongwa muhuri. Kurasa mia sita na kumi zilipita namna hiyo, na Mzee Ngwisa alilala sehemu kubwa ya mageuzi ya kilimo.

Ukafika ukurasa wenyewe. Perusi akasoma kwa sauti yake mwenyewe: "Wachota chumvi wafuatao waliuawa Kisambwe." Mzee Ngwisa akafumbua macho.

"Mia na tisini," akasema daktari.

"Walifariki," akasema Bwana Kilimba.

"Mia na sabini na tano."

"Walipotea," akajaribu tena Bwana Kilimba.

Mzee Ngwisa akajiinua kitini. "Mtu akipotea si anatafutwa? Nyie mliwatafuta wapi?"

"Mia mbili na tano!" daktari akapiga kelele, wakamletea mzee maji, wakampepea kwa sura ya kumi na nne. Perusi akaweka karatasi chini, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika jengo lile mtu alikuwa ameuliza swali la maana. Alimtazama Mzee Ngwisa akitamani aendelee. Lakini mzee alikuwa anahema, midomo imegeuka rangi, na Perusi akaona aibu kwa kutamani.

"Waliondoka," akasema Bwana Kilimba polepole.

"Mia na hamsini na tano."

"Waliondoka kwenda kutafuta maisha nchi jirani."

"Mia na thelathini na nane. Inashuka."

"Ongeza kitu cha kumpa mzee matumaini," akasema daktari, jicho kwenye mshale. "Sema wanaendelea vizuri."

"Ambako wanaendelea vizuri," akasema Bwana Kilimba.

Mzee Ngwisa akavuta pumzi ndefu, akaegemea, akafumba macho. Mia na ishirini kwa themanini. Presha ya kijana! Daktari akapeana mkono na Bwana Kilimba, na karani akagonga muhuri kabla Perusi hajapata neno.

"Na majina," akasema Bwana Kilimba, safari hii hakumtazama usoni, "mia mbili na kumi na mawili ni mengi kumsomea mzee wa umri ule. Wanachoka. Lakini mimi nilikuahidi, Dokta, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Nimepigania. Wamekubali libaki moja, la mfano. Chagua."

Nataka mmuelewe Perusi hapa. Alijua anachoambiwa. Alijua sentensi ile ni uongo kutoka neno la kwanza hadi nukta. Lakini nyumbani kulikuwa na khanga imetundikwa nje, na mama wa miaka sitini na tisa anayehesabu siku, na hapa kulikuwa na nafasi moja, ya jina moja, katika kitabu cha serikali. Akawaza, mama atasikia jina tu. Hayo mengine atajua ni maneno ya serikali, ameyazoea. Akawaza na wale mia mbili na kumi na mmoja, akawaomba radhi kimoyomoyo, mmoja mmoja, mpaka Bwana Kilimba alipokohoa.

"Yonazi Malugu," akasema.

* * *

Toleo la wazee lilisomwa kwenye viwanja vya ofisi za kata, kwa kipaza sauti, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Kuhudhuria ni lazima, maana bila kugongewa mahudhurio mzee hapokelewi zahanati. Perusi hakuruhusiwa kuingia, yeye ni Kundi la Tatu. Alisimama nje ya ua, upande wa vyoo, akasikia sauti ya msomaji ikikwaruza: Yonazi Malugu na wenzake waliondoka kwenda kutafuta maisha nchi jirani, ambako wanaendelea vizuri. Makofi yakapigwa. Machozi yakamtoka, na asingeweza kukwambia ni machozi ya nini.

Bibi Ludia alirudi nyumbani. Akakunja khanga yake mpya. Jumatano akaenda tena. Ijumaa akaenda, na aliporudi akavuta kigoda akakaa mbele ya mwanawe.

"Perusi, baba yako yu hai."

"Mama!"

"Yuko nchi jirani. Anaendelea vizuri. Nimesikia mara tatu, sikutaka kukurupuka."

Perusi akafunga mlango na dirisha. Kifungo miaka saba, lakini yule ni mama yake. "Mama, nisikilize. Baba aliuawa. Nilikwambia, ukaweka matanga, ukanyoa nywele. Hujasahau."

"Sijasahau. Ulinisomea kwenye kitabu. Kile kitabu nani aliandika?"

"Mimi."

"Na hiki?"

"Mimi, mama, lakini..."

"Kipi cha karibuni?"

"Hiki. Mama, walinibana! Walikuwa wanapima presha ya mzee mmoja, kila neno wakalibadilisha!"

"Wakakubana uandike jina la baba yako?" Bibi Ludia alimkazia macho. "Watu mia mbili na zaidi walikwenda siku ile. Wenzangu wote pale uwanjani wanatafuta majina ya waume zao hawayasikii. La Yonazi peke yake ndilo limetajwa. Hilo nalo walikubana?"

Hapa angeweza kudanganya. Alikuwa na mazoezi ya miezi kumi na minane. Akasema, "Hapana. Hilo nililichagua mimi."

"Unaona sasa!" Bibi Ludia akapiga paja lake. "Mimi nimekuzaa, nakujua. Ungejua kweli baba yako yuko chini ya ile chumvi, usingelichukua jina lake ukaliweka pale, ukasema anaendelea vizuri. Mtoto wangu hawezi kumfanyia baba yake kitu kama hicho. Nani anaweza? Basi yu hai."

Perusi akainuka, akafungua tena dirisha. Alikuwa ametetea kitabu chake mbele ya maprofesa saba, lakini hakuna hata mmoja aliyepata kumbana hivi.

Na ningependa kuwaambia kwamba Bibi Ludia alifurahi. Siku mbili alikuwa kama msichana, anaimba jikoni, anauliza nauli ya mpakani. Siku ya tatu akaacha kuimba. Akawa anakaa ameshika tama, anahesabu vidole. Ya nne akalipuka.

"Miaka arobaini na tatu! Hata salamu? Hata kwa mtu anayepita? Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Perusi! Mdogo wake alitaka kunirithi nikamfukuza. Yule fundi cherehani alileta posa mara mbili, mwanamume mstaarabu, ana nyumba ya bati, nikamwambia mimi mume wangu ninaye moyoni. Kumbe namtunzia nani? Mtu yuko huko anaendelea vizuri! Mshenzi mkubwa! Nimelia mpaka macho yameingia mtoto wa jicho, namlilia mtoro!"

"Mama, usimtukane, nakuomba."

"Nimtukane? Nampeleka mahakamani."

* * *

Serikali ya nchi ile, mtu asije akawadanganya, inajali wanawake. Fomu ya mke aliyetelekezwa ilikuwepo tayari, na shauri likapangwa ndani ya mwezi mmoja, wakati mashauri mengine huchukua miaka sita. Wito ulibandikwa kwenye geti la mashamba ya chumvi Kisambwe, anwani ya mwisho ya mdaiwa. Ulikaa pale siku kumi na nne. Wachota chumvi walipita hapo kila asubuhi, pekupeku, na hakuna aliyeusoma.

Siku ya shauri tarishi alitoka kibarazani, kofia kichwani, nembo ya taifa kifuani, akaita kwa sauti ya serikali: "Yonazi Malugu! Yonazi Malugu! Yonazi Malugu!" Akasubiri kidogo. Akarudi ndani. "Mdaiwa ameitwa mara tatu, Mheshimiwa, hakuitika."

Hakimu, mwanamke mwenye haraka, akauliza kama kuna shahidi. Perusi akasimama. Hakuwa amelala wiki nzima na alikuwa amekwisha kukata shauri, wamfunge tu. Akasema yote. Akasema gambuti, akasema risasi, malori, katapila, jina la dereva, siku na saa. Kisha akaanza majina, kwa mpangilio wake, kutoka kichwani, bila karatasi, na kalamu ya karani ikasimama. Alikuwa amefika la kumi na nne hakimu alipogonga meza.

"Shahidi, una miaka mingapi?"

"Hamsini."

Hakimu akanong'ona na karani, karani akafungua jalada. "Shahidi ni Kundi la Tatu," akasema hakimu. "Kundi la Tatu linaruhusiwa kujua kwamba Kisambwe ilijitokeza changamoto ya viatu, ikashughulikiwa. Hayo mengine umeyapata wapi?"

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeyaandika."

"Ulikuwa na kibali cha kujua kupita umri wako. Kiliisha mwezi wa nne."

"Kwa hiyo niyarudishe? Nitayarudishaje mambo ninayoyajua?"

"Mahakama haijakwambia uyarudishe," akasema hakimu, bila hasira. "Imekwambia usiyajue. Ushahidi huu unaondolewa kwenye kumbukumbu. Kuhusu kuzidishia umri, mahakama imesikia, na haitaki kumfunga mtu mbele ya mama yake. Mdai, una la kuongeza?"

Bibi Ludia akasimama, ameshika nguzo ya kizimba. Perusi akamtazama. Alikuwa amesema kila kitu, mbele ya watu, kwa roho yake mkononi. Mama yake alikuwa amesikia. Haiwezekani asiamini sasa.

"Mheshimiwa, naomba umsamehe mwanangu," akasema Bibi Ludia kwa upole. "Si mwongo. Anampenda baba yake. Anamfichia aibu."

Hukumu ilisomwa kabla ya saa sita. Ndoa imevunjwa. Mume ametoroka, yuko nchi jirani, anaendelea vizuri. Bibi Ludia akamshukuru hakimu kwa mikono miwili, akatoka kibarazani, akajifunga khanga upya, na wanawake wenzake waliokuwa kwenye foleni wakampa pole na hongera kwa pamoja.

Perusi alibaki ndani kuchukua nakala. Karani akampa ile karatasi na daftari la kusaini. Akaisoma yote akiwa amesimama. Yonazi Malugu, mchota chumvi, miaka thelathini na mmoja wakati wa kutoroka. Jina lilikuwa sawa, kazi sawa, umri sawa, herufi zote zipo. Muhuri wa serikali ulikuwa umekaa katikati, wino haujakauka.

"Saini hapo, dada, watu wanangoja," akasema karani, akamwonyesha kwa kidole. "Kuna jina lako, halafu hapa kuna uhusiano na mtoro. Usiache wazi."

Perusi akaandika jina lake. Akainama tena juu ya daftari, akaandika: mtoto wake.